Mavazi ya Usiku Mmoja na Mkesha wa Watakatifu Wote



Zimebaki siku chache tuadhimishe Sherehe ya Watakatifu Wote, tarehe 1 Novemba, na Kumbukumbu ya Marehemu Wote inayofuata kesho yake. Katika juma kama hili ilikuwa yapasa tutafakari pamoja juu ya heri za mlimani au juu ya fumbo la toharani. Juma hili, hata hivyo, tunakusudia kusema juu ya kitu kinachoonekana kidogo, nacho ni nguo. Tena tutasema bila kumung'unya maneno, kwani jambo hili linagusa kwa pamoja imani yetu, mifuko ya wazazi wetu na mitaro ya jiji letu.

Usiku wa tarehe 31 Oktoba, uitwao Halloween, umekwisha kuingia Dar es Salaam. Ulianza kama tafrija ya wageni wa Masaki na Oysterbay, ukapita katika hoteli na kumbi za starehe, na sasa zipo shule za mchepuo wa Kiingereza zinazowaandikia wazazi kuwa mtoto aje amevaa vazi la siku hiyo: fuvu, popo, mchawi, malkia wa barafu, shujaa wa sinema. Mzazi aliyejinyima ili alipe ada anapokea ujumbe huo jioni, na kesho yake anashuka Kariakoo. Anapita Mtaa wa Kongo, anauliza bei, anatoa faida ya siku mbili tatu za biashara yake, anarudi nyumbani na pakiti ya plastiki ambayo ndani yake mna gauni la plastiki na kinyago cha plastiki. Mtoto analivaa kwa saa tatu. Asubuhi mshono wa kwapani umeachia, mng'aro umepukutika sakafuni, na gauni liko kwenye ndoo ya taka.

Juu ya jambo hili tunasikia sauti mbili kubwa, na kwa heshima zote hatukubaliani na yoyote kati ya hizo.

Sauti ya kwanza inapaza kuwa Halloween ni sikukuu ya shetani, basi. Hatuidharau hofu hiyo. Kanisa linafundisha wazi kuwa uchawi na ushirikina ni kosa dhidi ya amri ya kwanza ya Mungu. Tena tunaishi katika nchi ambamo bibi vizee wameuawa kwa sababu tu ya kushukiwa uchawi, wengine kwa kuwa macho yao yalikuwa mekundu kutokana na moshi wa jikoni. Katika nchi ya namna hiyo, kumvika mtoto sura ya kikongwe mchawi ili watu wacheke si mzaha tunaoweza kuufurahia. Lakini wenye sauti hii huishia kwenye kinyago. Wakishamkataza mtoto fuvu, wanamnunulia mabawa ya malaika kutoka duka lile lile, yaliyoshonwa kwa nailoni ile ile, yatakayotupwa asubuhi ile ile. Wanadhani wameshinda vita, kumbe wamebadilisha picha tu juu ya pakiti.

Sauti ya pili inasema: waacheni watoto wacheze, dunia imekuwa kijiji, mnatafuta ubaya pasipo na ubaya. Nasi twapenda watoto wacheze. Mungu hakuumba utoto ili uwe na uso wa mahakama. Lakini tunawauliza wenye sauti hii: ni mchezo gani huo ambao hauwezi kuanza mpaka kitu kinunuliwe, na hauwezi kwisha mpaka kitu kitupwe? Watoto wa Gerezani wamecheza kwa vifuniko vya chupa, kwa magari ya waya, kwa mpira wa makaratasi na kamba. Mchezo haukupata kuhitaji kontena kutoka ng'ambo.

Basi hoja yetu ni hii: ubaya mkubwa wa Halloween inayouzwa kwetu haumo katika sura ya kinyago, umo katika kumzoesha mtoto kuwa furaha ni kitu cha kununua usiku na kutupa asubuhi. Na hoja hii, wapendwa, haitatuacha salama tukiielekeza Masaki peke yake. Itaingia mpaka kanisani, nasi tutaifuata mpaka humo.

Tuanze na asili ya siku yenyewe, kwani wengi hawajui kuwa ni yetu. Jina hilo la Kiingereza maana yake ni mkesha wa Watakatifu Wote. Katika karne ya 8 Papa Gregori III alitabaruku kikanisa ndani ya Basilika ya Mtakatifu Petro mjini Roma kwa heshima ya watakatifu wote, na katika karne ya 9, wakati wa Papa Gregori IV, sherehe ya tarehe 1 Novemba ilienea katika Kanisa la Magharibi. Mwishoni mwa karne ya 10 Mtakatifu Odilo, abati wa Cluny huko Ufaransa, aliwaagiza wamonaki wake kuwaombea marehemu wote kila tarehe 2 Novemba. Katika Uingereza na Ireland maskini walizoea kwenda mlango kwa mlango siku hizo. Walipewa mikate midogo, nao wakaahidi kuziombea roho za marehemu wa nyumba ile. Waliojigeuza sura walijipaka masizi au kuvaa nguo kuukuu. Taa ilichongwa katika zao la shamba, yaani tanipu, na wahamiaji wa Ireland walipofika Marekani katika karne ya 19 wakakuta boga, ambalo ni kubwa na laini zaidi kuchonga.

Tazameni basi kilichokuwamo: sala kwa ajili ya marehemu, mkate kwa ajili ya maskini, masizi ya jikoni na zao la shamba. Hapakuwa na kitu cha kutupa. Wafanyabiashara wakaondoa sala, wakamwondoa maskini, wakabakiza vazi, kisha wakalifanya vazi lenyewe kuwa la plastiki. Hicho ndicho tunacholetewa leo kwa jina la maendeleo.

Wala tusidhani kuwa tunatia chumvi tunaposema plastiki. Poliesta na nailoni ni plastiki iliyosokotwa kuwa uzi; asili yake ni mafuta ya petroli, sawa na ndoo na chupa. Mwaka 2019 mashirika mawili ya Uingereza, Fairyland Trust na Hubbub, yalichunguza mavazi 324 ya Halloween yaliyokuwa yakiuzwa na wauzaji 19, yakakuta kuwa asilimia 83 ya malighafi yake ilikuwa plastiki. Yakakadiria pia kuwa mavazi yapatayo milioni 7 hutupwa kila mwaka katika nchi hiyo moja kwa ajili ya usiku huo mmoja. Ndiyo kusema, wale tunaowaiga wenyewe wamekwisha kuanza kuona aibu, na sisi ndio kwanza tunaingia ukumbini.

Tena taka hizo hazibaki kwao. Anayefungua robota la mitumba Mchikichini anajua kuwa hachagui kilichomo. Pamoja na mashati mazuri hutokea vitu visivyovalika, na nguo za sherehe za wengine ni miongoni mwake. Mwenye robota amelipa kwa uzito, kwa hiyo amelipia na kile atakachokitupa. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikusudia kuiondoa biashara ya mitumba hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kuzinyima nchi hizo nafuu ya kuuza bidhaa zake bila ushuru, na isipokuwa Rwanda, nyingine zikalegeza msimamo. Hatuwalaumu wauza mitumba, kwani wengi wao wanasomesha watoto kwa jasho hilo, na nguo inayovaliwa tena ni nguo iliyookolewa. Tunasema tu kwamba mji unaopokea nguo zilizotupwa na wengine haupaswi kuiga tabia iliyozifanya zitupwe.

Sasa tuje nyumbani. Kwa wenzetu wa Ulaya na Marekani, mwisho wa Oktoba majani yanapukutika na baridi inaanza. Kwetu, vuli ni mvua. Na mvua ya vuli ikinyesha Dar es Salaam, kila kilichotupwa ovyo kinaanza safari: kutoka uchochoroni kwenda mtaroni, kutoka mtaroni kwenda bonde la Msimbazi, na mtaro ukiziba, maji yanaingia vyumbani. Ndugu zetu wa Jangwani hawahitaji tafakari ya padre kulijua hilo. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu wapatao 40 katika jiji hili na kuwaacha maelfu bila makazi. Hatusemi kuwa gauni moja la popo liliua mtu. Mafuriko yana sababu nyingi, zikiwamo ujenzi wa mabondeni na mitaro isiyotosha. Tunasema kuwa mtaro hauzibwi na kitu kikubwa kimoja. Huzibwa na vitu vidogo vingi, kila kimoja kikiwa na mwenyewe aliyesema, “Hiki changu kitadhuru nini?”

Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania Bara iliacha mifuko ya plastiki, na Zanzibar ilikuwa imetangulia. Wengi walisema haitawezekana, biashara itakufa, mama atabebea nini nyama. Leo tunabeba vikapu na mifuko mbadala, na Kariakoo haijafungwa. Tuliweza kuacha mfuko uliotusaidia kubeba unga. Tunashindwaje kuacha gauni lisilosaidia lolote?

Na hapa Gerezani tuna haki ya kuuliza swali hilo kuliko watu wengine. Mtaa huu unaishi kwa kutotupa. Nenda kwa mafundi chuma utazame: pipa linakuwa jiko, chuma chakavu kinakuwa mashine, bati la zamani linakuwa beseni. Wanaookota chupa na maboksi wanajua bei ya kila kilo. Lakini muulizeni mnunuzi wa skrepa kama anapokea vazi la Halloween lililochanika. Hapokei, kwa sababu nyuzi zake zimechanganywa na gundi, mpira na mng'aro, na hakuna wa kuzitenganisha. Ama litachomwa uani, watoto wavute moshi wake, ama litapelekwa dampo la Pugu Kinyamwezi likakae huko kuliko maisha ya aliyelivaa.

Wahenga wetu walikuwa na elimu nyingine ya nguo. Nani asiyemjua kanga? Doti moja hukatwa vipande viwili, mama na binti wakajifunga. Kanga hupokea mtoto anapozaliwa, humbeba mgongoni, humfunika akilala, huwa pazia, huwa kitambaa cha kichwa msibani, na ikichakaa kabisa huwa dekio la kupigia deki. Nayo nguo ya sikukuu vivyo hivyo, iwe ya Krismasi kwetu au ya Idi kwa majirani zetu Waislamu: ilinunuliwa kubwa kidogo ili mtoto ailingane mwaka ujao, ikavaliwa sikukuu, ikashuka kuwa ya kanisani, ikashuka kuwa ya kutembelea, ikashuka kuwa ya nyumbani, ikamshukia mdogo wake. Furaha ya kuivaa siku ya kwanza haikupungua kwa sababu ilikuwa na kazi siku ya pili. Ilizidi.

Hata vinyago si vigeni kwetu, asije mtu akatuambia kuwa tunakuwa washamba wa mambo ya dunia. Wamakonde wa kusini wanachonga mapiko kwa mti mwepesi, na mchezaji anapoivaa sura hiyo ngoma hunoga na watoto hukimbia kwa hofu na vicheko. Lakini kinyago hicho kina fundi wake, kina siku yake, na ngoma ikiisha kinahifadhiwa. Hakiokotwi jalalani kesho yake. Wahenga walisema kuwa kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Sisi tungeongeza kwamba kinyago ulichokichonga mwenyewe hukitupi pia.

Sasa tuingie kanisani, kama tulivyoahidi. Mtoto wa parokia anapojiandaa kwa Komunyo ya Kwanza, anajifunza kwa katekista mwaka mzima na zaidi. Juma la mwisho, mafundisho yanakwisha na nguo zinaanza. Gauni lenye matabaka, shela, taji, glovu, pochi ndogo nyeupe, viatu vitakavyombana baada ya miezi mitatu. Kwa mvulana, suti na tai. Vyote hivyo kwa Misa moja na picha kadhaa. Na yupo mzazi anayemchelewesha mtoto kupokea Ekaristi mpaka mwaka mwingine kwa sababu hana fedha ya gauni. Tusikilize vizuri: Bwana anajitoa bure altareni, na mtoto anazuiwa kumpokea na poliesta. Tofauti ya jambo hilo na Halloween ni nini, isipokuwa rangi?

Liturujia yenyewe haidai hivyo. Vazi jeupe la Komunyo linakumbusha vazi jeupe la Ubatizo, na siku ya Ubatizo Kanisa humwomba mbatizwa alifikishe bila doa mbele ya Mungu. Vazi ambalo maana yake yote ni kutunzwa, sisi tunalifanya la kutupwa! Mtume Petro alipofika Yafa katika chumba alicholazwa marehemu Tabitha, wajane walimwonyesha nini? Walimwonyesha kanzu na nguo alizowashonea. Nguo zilikuwa bado zinavaliwa, na kila mshono ulikuwa ushahidi wa upendo wake. Hata askari waliomsulubisha Bwana, ambao mikono yao haikuwa na huruma, hawakuthubutu kuichana kanzu yake isiyo na mshono. Waliipigia kura ibaki nzima. Watu wenye damu mikononi walijua thamani ya nguo njema.

Na makaburini je? Tarehe 2 Novemba tutakwenda Kinondoni na kwingineko kuwaombea wapendwa wetu. Kuanzia tarehe 1 hadi 8 Novemba Kanisa linatoa rehema kamili kwa ajili ya marehemu, kwa mwamini anayezuru makaburi na kuwaombea, akitimiza masharti ya kawaida ya kuungama, kukomunika na kusali kwa nia za Baba Mtakatifu. Hiyo ndiyo zawadi tunayoweza kumpelekea marehemu. Lakini wengi tunampelekea shada la maua ya plastiki ndani ya karatasi ya nailoni. Jua linalipausha, mvua inaling'oa, upepo unalipeleka kwenye kaburi la mtu mwingine. Marehemu hahitaji ua lisilonyauka. Anahitaji Misa, sadaka kwa maskini kwa ajili yake, na mtoto wake aliyeshika jembe kupalilia kaburi.

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika Waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015 juu ya utunzaji wa nyumba yetu ya pamoja, aliuita mwenendo huu utamaduni wa kutupa, na akaonya kuwa anayezoea kutupa vitu huishia kuwatupa na watu: mzee, mgonjwa, mtoto asiyezaliwa. Tunaomba neno hilo lisipite hivi hivi. Mtoto anayejifunza kuwa kitu kikitumika mara moja kimekwisha kazi, ipo siku atakutazama wewe mzazi wake, umezeeka na huna kazi tena, naye atakumbuka alichofundishwa.

Zipo hoja zinazoletwa dhidi yetu, na si haki kuzipita kimya. Ya kwanza ni ya ndugu zetu wafanyabiashara, tena wengi wao ni waamini wetu na ndio wanaolitegemeza Kanisa kwa zaka. Wanasema: Padre, unatuharibia riziki. Tunajibu kwa upendo: Kariakoo haikujengwa na vitu vya usiku mmoja. Inasimama kwa kanga, vitenge, majora ya vitambaa, vyombo, viatu, vipuri. Anayeuza kitambaa cha kudumu mteja wake hurudi kwa imani. Na fundi cherehani wa barazani, ambaye pakiti ya gauni lililoshonwa ng'ambo haimpi hata shilingi, ndiye atakayepunguza, atakayepanua, atakayeziba na kutia pindo upya. Mbona riziki yake yeye hatuililii?

Ya pili inasema kuwa vitu hivi ni bei nafuu, vinamfaa maskini. Ni nafuu kwa nani? Bei iliyo kwenye pakiti haikuhesabu moshi wa uani, wala mtaro, wala kijana anayezoa taka bila glovu. Na maskini akinunua nafuu mara tano amelipa ghali. Ya tatu inasema: mtoto wangu atachekwa akikosa vazi. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, na ndiyo maana jibu lake haliwezi kutoka nyumba moja moja. Mtoto mmoja akivaa kanga ya mama yake atachekwa. Watoto 100 wakivaa kanga za mama zao, anayebaki wa ajabu ni mwenye pakiti. Hapo ndipo parokia inapokuwa na kazi.

Basi tunapendekeza haya, na tunaomba Halmashauri Walei, WAWATA, VIWAWA na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo wayachukue kwa uzito.

Mosi, jioni ya tarehe 31 Oktoba watoto wa Utoto Mtakatifu wakutane parokiani wakiwa wamevaa kama watakatifu. Sharti ni moja: kisinunuliwe kitu kipya kwa ajili ya jioni hiyo, na chochote kilicho mwilini kiwe na kazi kesho yake. Kanga ya bibi inatosha kwa Mtakatifu Yosefina Bakhita, aliyezaliwa Darfur, akauzwa utumwani, na akatangazwa mtakatifu mwaka 2000. Shuka jeupe lenye utepe wa buluu ni Mtakatifu Teresa wa Kolkata. Ufagio mkononi ni Mtakatifu Martin wa Porres, ambaye sikukuu yake ni tarehe 3 Novemba, na ufagio huo tutautumia kufagia uwanja. Gunia na kamba ni Fransisko wa Asizi, aliyevua nguo zake za thamani mbele ya askofu na kumrudishia baba yake. Kitambaa cha shingoni kilichokatwa vipande viwili ni Martin wa Tours, aliyegawana joho lake na maskini. Mvulana apendaye ujasiri awe Kizito, aliyekuwa kijana mdogo kuliko wote kati ya mashahidi walioteketezwa kwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886 pamoja na Karoli Lwanga. Hakuna shujaa wa sinema mwenye habari kubwa kuliko hiyo. Kila mtoto aje akijua kueleza maisha ya mtakatifu wake, kwani hilo ndilo vazi lenyewe.

Pili, kama mnataka boga, leteni boga. Litapikwa kwa nazi, mbegu zitakaangwa, majani yake yatakuwa mboga, na kila jumuiya itatenga sahani kwa ajili ya mgonjwa wake. Kuchonga chakula ili kioze kibarazani, jirani akiwa amelala na njaa, si jambo la kufundisha watoto.

Tatu, liwepo kabati la parokia la mavazi ya Komunyo na Kipaimara. Mwenye gauni lililolala sandukuni alilete. WAWATA walifue, fundi alirekebishe, mtoto alivae, alirudishe likiwa safi. Asiwepo wa kujulikana kuwa ameazima kwa umaskini: wote waazime, wa tajiri na wa mchuuzi.

Nne, makaburini tubebe jembe, ufagio na maua yaliyo hai. Tukileta mshumaa ndani ya kikombe cha plastiki, turudi na kikombe.

Tano, tunawaomba walimu, kwa heshima ya kazi yao kubwa, wasiwaandikie wazazi kudai vazi la kununua. Na ninyi wazazi, msione haya kuandika jibu. Mzazi aliyeweza kulipa ada anaweza pia kuuliza swali.

Tarehe 1 Novemba, katika somo la kwanza kutoka Kitabu cha Ufunuo, tutausikia umati mkubwa usiohesabika, wa kila taifa na kabila na lugha, umesimama mbele ya kiti cha enzi umevaa mavazi meupe. Mmoja wa wazee atauliza ni akina nani hao na wametoka wapi. Sikilizeni jibu lake kwa makini. Hakusema kuwa walinunua mavazi mapya. Alisema waliyafua, katika damu ya Mwanakondoo, baada ya dhiki kuu. Watakatifu ni watu waliofua vazi walilopewa siku ya Ubatizo, wakalifua tena lilipochafuka, hawakulitupa mpaka wakafika nalo.

Watoto tutawapokea uwanjani saa kumi jioni. Wazazi waje na sufuria, na kila jumuiya ije na orodha ya marehemu wake kwa ajili ya Misa ya kesho kutwa.

Tunawatakia maandalizi mema. Watakatifu wote wa Mungu, mtuombee. Roho za waamini marehemu zipate rehema kwa Mungu, zipumzike kwa amani. Amina.